Tochi Moja, Majibu Matatu: Kupima Muda wa Betri Nyumbani

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina tochi ya LED inayotumia betri moja ya lithiamu ya kuchaji, umbo la 18650, ya mAh 3000 (miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi). Boksi linasema lumeni 1000 (kipimo cha mwanga wote unaotoka), saa 6. Nimeipima mara tatu, usiku, kwa kuiwasha kwenye mwanga wa juu kabisa na kuangalia saa ya ukutani. Mara ya kwanza niliisimamisha mezani, ikashuka ghafla baada ya saa 3 na dakika 40. Mara ya pili kulikuwa na joto, nikawasha feni, ikadumu saa 2 na dakika 20 tu. Mara ya tatu niliizima katikati nikaenda kula, nikairudia, kisha usingizi ukanichukua. Nilipoamka saa kumi alfajiri bado ilikuwa inawaka kama kimulimuli. Betri ni ile ile, na kila mara nilianza ikiwa imejaa. Jibu la kweli ni lipi? Boksi limenidanganya? Na nipimeje vizuri bila vifaa vya bei kubwa?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Nilipofika kwenye feni nilicheka, na si kwa kukubeza. Umegundua bila kukusudia kitu ambacho wapenzi wengi wa tochi huchukua miaka kukielewa. Majibu yako yote matatu ni ya kweli. Ila kila usiku ulipima kitu tofauti, na vyote ukaviita "muda wa betri".

Tuanze na hiyo feni. Tochi ndogo ya lumeni 1000 haiwezi kutoa mwanga huo kwa muda mrefu, kwa sababu LED hugeuza sehemu tu ya umeme kuwa mwanga na sehemu kubwa huishia kuwa joto. Mwili wa aluminiamu unaoenea kwenye kiganja hujaa joto ndani ya dakika chache. Ndiyo maana ndani yake kuna sakiti inayopunguza umeme. Zipo zinazopunguza kwa saa, yaani dakika kadhaa zikipita zinashusha mwanga hata kama tochi imewekwa kwenye barafu. Na zipo zinazohisi joto: mwili ukichemka zinashusha, ukipoa zinapandisha kidogo. Yako bila shaka ni ya aina hii ya pili, vinginevyo feni isingebadilisha lolote la maana.

Sasa fuata mwenyewe. Usiku wa kwanza, mezani, hewa imetulia, tochi ilichemka ikajishusha, tuseme hadi lumeni 270. Usiku wa pili feni iliipooza, ikajiona iko salama, ikabaki juu zaidi, tuseme lumeni 430. Mwanga mwingi hula umeme mwingi, kwa hiyo betri iliisha mapema. Feni haikuiharibu tochi wala betri, iliipa tochi ruhusa ya kula zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba tochi yake imedumu saa nne, swali la kwanza la kumuuliza ni kama ilikuwa inapulizwa, imeshikwa mkononi, au imelala mezani. Mkono nao ni kipoozeo kizuri, maana damu inazunguka na kubeba joto.

Chukua kalamu tuhakikishe kwamba sikutungii hadithi. Betri ya mAh 3000, yaani ampea-saa 3, yenye volti 3.6 za wastani ina 3 × 3.6, yaani wati-saa 10.8. Tochi nzuri ya LED, ukishatoa hasara za sakiti na kioo, hupata kama lumeni 100 kwa kila wati inapowaka kwa nguvu, na zaidi kidogo inapowaka kwa upole, tuseme 120. Lumeni 1000 basi zinataka wati 10, na betri yako ingetosha kama saa moja. Kwa lumeni 430, tukichukua 110 ya katikati, unahitaji karibu wati 3.9. Kwa lumeni 270, kwa ile 120, ni karibu wati 2.25. Toa umeme ulioliwa na dakika za mwanzo za mwanga mkali, acha wati-saa mbili hivi ambazo tochi huzihifadhi kwa ajili ya mwanga hafifu wa mwisho, kisha gawanya kilichobaki. Utapata saa mbili na ushee kwa feni, na saa tatu na nusu hivi bila feni. Ni yale yale uliyoyaona kwenye saa ya ukutani.

Hesabu hiyo hiyo inalijibu swali la boksi. Lumeni 1000 kwa saa 6 ni wati-saa 60, ambazo ni betri tano au sita kama yako. Kwa hiyo 1000 na 6 hapo kwenye boksi si ndugu wa tumbo moja. Zinakaa mstari mmoja lakini hazijawahi kukutana ndani ya tochi.

Hata hivyo usikimbilie kuwaita waongo. Kuna kiwango cha kupimia tochi kinachotumiwa na watengenezaji wengi, ANSI FL 1, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2009. Kinasema mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda uhesabiwe kuanzia sekunde ya 30 mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Soma tena hapo kwenye asilimia 10. Tochi yako ikianza na lumeni 1000, kwa kiwango hicho inahesabiwa "inafanya kazi" mpaka ifike lumeni 100. Inaweza kutoa 1000 kwa dakika tatu, ikashuka 270 kwa saa tatu na nusu, kisha ikajikongoja na lumeni 110 kwa saa mbili na kitu. Jumla saa sita, na kila neno kwenye boksi ni halali. Ule mshuko wa ghafla uliouona kwenye saa 3 na dakika 40 haukuwa mwisho kwa kipimo chao. Wewe ulisimamisha saa hapo, wao waliendelea kuhesabu.

Mimi binafsi sikipendi kipengele hicho. Kiwango chenyewe kimesaidia sana, maana kabla yake kila mtu aliandika alichotaka, lakini kwenye muda wa betri kimewaachia wajanja mlango wazi: unaitengeneza tochi iwe na mlipuko wa mwanga sekunde 120 za kwanza, kisha unaishusha na kuikalisha kwenye asilimia 11 usiku kucha. Kwa hiyo mimi sitaki kuambiwa namba moja. Nataka kuona mchoro: muda unakwenda kulia, mwanga unakwenda juu, na mstari unaoonyesha tochi ilifanya nini kila dakika. Mchoro huo unaweza kuupata nyumbani, na hauhitaji maabara.

Kabla ya vifaa, niliseme jicho. Umeniambia ulikuwa "unaangalia". Jicho ni chombo kizuri sana cha kuonea njia na kibovu sana cha kupimia mwanga. Mboni inapanuka, ubongo unazoea, na kitu kinachopungua polepole hukioni kikipungua. Mwanga ukishuka hadi nusu ndani ya saa moja, watu wengi wataapa kwamba haujabadilika. Ulichokiona wewe ni mshuko wa ghafla tu, maana huo ndio pekee ambao jicho huukamata. Kama tochi yako ingekuwa ya kufifia taratibu, usingejua useme imeisha lini. Na ndicho kilichotokea alfajiri ile ya kimulimuli.

Kwa hiyo jicho lisiwe shahidi. Njia ninayoitumia ni hii. Simamisha tochi ikitazama dari, katika chumba kidogo chenye dari nyeupe. Mwanga utagonga dari na kutawanyika chumba kizima. Weka kipima mwanga mahali pengine chini, uso wake ukitazama juu, mahali ambapo mwanga wa tochi haukifikii moja kwa moja. Unachosoma ni laksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, za mwanga uliorudi. Laksi hizo hazikuambii tochi ina lumeni ngapi, wala hatuzihitaji kwa hilo. Tunachotaka ni uwiano tu. Ile namba ya sekunde ya 30 iite asilimia 100. Ikiwa ilikuwa laksi 40 na sasa ni 20, tochi imebaki na nusu, hata kama kipimo chako kwa ujumla kinasoma juu au chini kidogo. Kosa la kipimo linajifuta lenyewe unapogawanya, mradi tochi, kipimo na vitu vya chumbani visisogee. Nasema visisogee kweli. Ukiingia umevaa shati jeupe ukasimama karibu na kipimo, namba itapanda. Nimeshaona mlango uliofunguliwa robo ukiiba asilimia kadhaa.

Kipima mwanga cha bei ya chini kinatosha. Angalia tu kama kina tabia ya kujizima baada ya dakika kumi hivi ili kuokoa betri yake, na ujifunze namna ya kuizuia tabia hiyo, la sivyo utarudi ukute kioo kitupu. Huna? Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga karibu na spika ya juu, kile kinachorekebisha mwanga wa kioo, na zipo programu za bure zinazoonyesha laksi zake. Baadhi ya vihisi hivyo huruka kwa ngazi, 12 kisha 19 kisha 27, bila kitu katikati. Ukiona hivyo, sogeza simu karibu zaidi na tochi ili namba ziwe kubwa na ngazi zisiwe na madhara. Programu zinazopima kwa kamera usiziamini kwa kazi hii, mpaka uwe umeifunga kamera isijirekebishe yenyewe. Kamera ikiachiwa huru, kila mwanga ukipungua inafungua jicho lake zaidi, na utaletewa mchoro mzuri ulionyooka wa tochi inayokufa.

Kuna njia ya tatu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ya urahisi wake. Ng'oa paneli ndogo ya sola kwenye taa ya bustani iliyokufa au kikokotoo cha zamani, iunge na multimita, upime mkondo. Usipime volti. Hapa wengi hukosea. Volti ya paneli isiyo na mzigo hubadilika kidogo sana mwanga unapobadilika, kwa hiyo mwanga ukishuka hadi nusu volti inashuka kidogo tu na mpimaji anafurahi bure. Mkondo wake, ukiwa umeunganishwa moja kwa moja na multimita iliyo kwenye miliampea au mikroampea, hufuata mwanga karibu sawasawa: nusu ya mwanga, nusu ya mkondo. Kwa paneli ndogo kama hiyo haina hatari yoyote. Lakini usije ukafanya hivyo hivyo kwenye betri! Multimita iliyo kwenye ampea ni kama waya mtupu, na ukiibandika kwenye ncha mbili za betri ya lithiamu umefanya shoti. Ukiwa na bahati utaunguza fyuzi.

Chumba kiwe giza. Kabla ya kuwasha tochi, soma kipimo gizani na uandike namba hiyo, halafu uitoe kwenye kila usomaji. Mwaka mmoja nilipima tochi ya betri mbili usiku mzima, nikalala chumba cha pili, asubuhi nikakuta mchoro wa ajabu. Mwanga ulikuwa umeshuka vizuri mpaka karibu sifuri, kisha kuanzia saa kumi na moja na nusu ukaanza kupanda, taratibu, kwa heshima, mpaka ukaupita ule wa mwanzo. Nilikaa na karatasi ile robo saa nzima nikitafuta nadharia ya betri inayofufuka. Ilikuwa jua. Pazia lilikuwa na upenyo wa kidole kimoja.

Kukaa na daftari saa sita si lazima. Weka kipima mwanga na saa ya tarakimu pamoja, elekeza simu ya zamani iliyochomekwa kwenye chaja, na iache ipige picha kila dakika moja. Baadaye unakaa na kahawa unaandika namba. Usomaji uwe wa karibu karibu katika dakika kumi za kwanza, kila sekunde 30 ukiweza, maana hapo ndipo mambo mengi hutokea. Baada ya hapo kila dakika tano inatosha, mpaka mwanga uanze kuyumba.

Ngoja nikufungulie ukurasa mmoja wa daftari langu uone kwa nini nasisitiza mchoro. Tochi ni ile ile ya betri mbili za AA, chumba ni kile kile. Kwanza nilitia mawe ya kawaida ya alkalini, mapya. Sekunde ya 30 nikasoma laksi 38. Nusu saa, 27. Saa moja, 19. Saa mbili, 11. Saa tatu, 6. Ikafika 3.8, yaani asilimia 10, kwenye saa 4 na dakika 20. Siku iliyofuata nikatia betri za kuchaji za NiMH (nikeli na hidridi ya metali) za mAh 2000. Sekunde ya 30, laksi 36. Nusu saa, 36. Saa moja, 35. Saa mbili, 34. Saa 2 na dakika 25, 33. Dakika nne baadaye, 5, na kabla sijageuka, giza.

Nani kashinda? Kwa kanuni ya asilimia 10, alkalini imeshinda kwa karibu saa mbili. Lakini kwa kanuni ya nusu ya mwanga, alkalini ilianguka saa moja tu baada ya kuwasha, na betri za kuchaji zilikwenda karibu saa mbili na nusu. Mtu anayetembea gizani porini angechagua zile za kuchaji. Mtu anayetaka taa iendelee kuonekana hemani mpaka usiku wa manane angechagua alkalini. Sababu ya tofauti hii ni ukinzani wa ndani. Alkalini haipendi kukamuliwa: ukiitaka mkondo mkubwa, volti yake inazama, na umeme mwingi unapotea ndani yake kama joto. Jiwe lile lile la AA linaloweza kutoa zaidi ya mAh 2500 kwenye redio inayokunywa kidogo kidogo, kwenye mzigo wa nusu ampea hutoa kama 1500 tu. NiMH ina volti ndogo, 1.2, lakini haiyumbi, na mAh zake ulizoandikiwa unazipata karibu zote.

Hapo ndipo tunafika kwenye usiku wako wa tatu. Ulipozima tochi ukaenda kula, uliharibu kipimo kwa njia mbili kwa mpigo. Ya kwanza, betri ilipumzika. Betri iliyopumzika hurudisha volti kidogo, alkalini zaidi ya zote, na ndiyo sababu watu huweza kutoa dakika kumi za ziada kwenye tochi "iliyokufa jana". Lithiamu hufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Ya pili, na kwa tochi yako ndiyo kubwa, mwili ulipoa. Uliporudi na kubonyeza swichi, tochi ilianza upya kutoka lumeni 1000, ikaunguza wati kumi mpaka ikachemka tena. Umeme uliotoka dakika zile ungeiwezesha kukaa lumeni 270 kwa muda mrefu zaidi ya mara nne. Kwa hiyo ukianza usizime. Ukilazimika kuzima, andika kipimo kimekufa, chaji upya, anza usiku mwingine. Unaweza kuamua kupima kwa kuwasha na kuzima, mathalani dakika tano kila nusu saa, na kwa kweli hivyo ndivyo watu wengi wanavyotumia tochi. Ila hicho ni kipimo kingine, na ukiandike hivyo.

Kuhusu betri. Umesema "imejaa kila mara". Imejaa kwa ushahidi wa nani? Taa ya kijani ya chaja si ushahidi. Ichomoe, iache nusu saa, ipime volti. Betri ya lithiamu-ioni iliyojaa inasoma kati ya 4.15 na 4.20. Nikikuta 4.05 najua chaja imekatiza mapema na nimepoteza sehemu ya maana kabla sijaanza. Andika namba hiyo juu ya ukurasa. Baada ya jaribio pima tena, mara moja na baada ya nusu saa. Ukikuta karibu 3.0 basi tochi yako inajua kujizuia. Ukikuta chini ya 2.5, tochi haina ulinzi wa kutosha, inaikamua betri mpaka tone la mwisho, na betri ya lithiamu iliyoshushwa hivyo na kuachwa huharibika ndani kwa namna isiyoonekana kwa nje. Usiichaji tena kwa matumaini. Kwa tochi ya namna hiyo nunua betri yenye sakiti ya ulinzi, ile iliyo ndefu kidogo kuliko milimita 65 za kawaida, ukihakikisha kwanza kwamba inaingia.

Kumbuka pia kwamba kila jaribio linapima vitu viwili kwa pamoja, tochi na betri. Matokeo yakiwa mabaya huwezi kujua mwenye kosa. Ndiyo maana mimi nina betri moja ninayoiamini, nimeichora msalaba kwa kalamu ya wino usiofutika, na haifanyi kazi nyingine yoyote zaidi ya kupimia. Kila tochi mpya huanza na hiyo. Ukitaka kuijua betri peke yake, tafuta chaja yenye uwezo wa kuitoa umeme na kuhesabu mAh zilizotoka. Na ukiona betri ya 18650 imeandikwa mAh 9900, irudishe ilikotoka. Betri nzuri za umbo hilo zinazopatikana kwa kawaida huishia karibu na 3500. Mzani wa jikoni nao husaidia: 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi kidogo, na zile za uongo mara nyingi ni nyepesi ajabu, kwa sababu ndani kuna kibetri kidogo na hewa au unga.

Wapo wanaopenda njia ya mkato: wanafungua kifuniko cha nyuma, wanapima ampea zinazotoka, wanagawanya mAh kwa ampea hizo, wanapata saa. Kwa mwanga mdogo njia hiyo inakaribia ukweli. Kwa mwanga mkubwa inadanganya, kwa sababu zile nyaya nyembamba za multimita zina ukinzani wake. Tochi iliyokuwa ikivuta ampea 3 inaweza kuvuta 2 ukizipitisha kwenye nyaya hizo, na hesabu yako inakupa saa za bure. Kisha mkondo wenyewe hautulii: joto linaushusha, sakiti inaurekebisha. Mahali ninapoitumia njia hii kwa furaha ni kupima umeme unaovuja tochi ikiwa imezimwa. Tochi zenye kitufe cha kielektroniki hunywa kidogo hata zikilala. Ikiwa ni mikroampea 20, betri yako ingechukua zaidi ya miaka 15 kuisha kwa kunywa huko, sahau. Ikiwa ni miliampea 1, ni siku 125 tu, na utaikuta imekufa siku umeme umekatika. Legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko unapoihifadhi.

Hali ya hewa iandikwe pia. Si lazima uwe na kipimajoto cha kisayansi, andika tu nyuzi za chumba. Tochi inayohisi joto ikipimwa kwenye chumba cha nyuzi 20 na cha nyuzi 32 itatoa michoro miwili tofauti, kama feni ilivyofanya kwako. Baridi kali nayo huzifanya betri zitoe pungufu, na alkalini ndiyo inayoumia mapema.

Sasa kwako. Ningekuwa wewe ningepima mara mbili tu na kuachana na mabishano. Mara moja kwenye mwanga wa juu bila feni, ili uwe na mchoro wa kulinganisha na boksi. Uandike vituo viwili, ilipofika asilimia 50 ya namba ya sekunde ya 30, na ilipofika asilimia 10. Usishangae asilimia 50 ikiangukia ndani ya dakika tano za kwanza. Mara ya pili uipime kwenye mwanga wa kati, ule unaoutumia kweli ukitoka nje usiku, ambao sidhani unazidi lumeni 300. Hapo tochi haitachemka sana, mstari utanyooka, na feni haitakuwa na la kusema. Muda wa mstari huo ndio utakaoweza kumwambia mwenzako bila maelezo marefu.

Na ule usiku wa kulala tochi ikiwaka, tafadhali usiurudie. Ipimie juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na pazia na godoro, kioo kikitazama juu na kamwe kisilale kwenye kitambaa. Uwe macho kwa angalau nusu saa ya kwanza ambayo ni ya joto, na ukae nyumbani, si chumba cha mbali, mpaka iishe. Ikiwa tochi ni ya betri mbili au zaidi zilizopangwa mfululizo, ziwe za aina moja, umri mmoja na zimechajiwa pamoja, maana ile dhaifu ikitangulia kuisha wenzake huendelea kuisukuma na kuichaji kinyume. Mwanga ukianza kuyumba, kama huhitaji ule mkia wa mwisho kwa ajili ya mchoro, zima, toa betri, pima volti, andika, kisha ukalale.